Kaimu Mgonjwa

Kama hujawahi kufika Jamhuri ya Kinono, usijisikie vibaya. Sisi wenyewe tuliozaliwa humo hatujafika sehemu nyingi za nchi yetu, maana nyingine zinataka kutembea. Lakini ni nchi nzuri. Ina mito, ina vilima, ina mashamba ya miwa yasiyoisha, na ina wananchi wapole ambao ukiwakuta wamekaa mahali leo, ujue na jana walikuwa hapo hapo.

Tunajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni chai. Kikao chochote Kinono, hata cha watu wawili waliokutana kukubaliana wakutane lini, hakifunguliwi bila chai, na chai yetu ina sukari mpaka kijiko kinaona uvivu kuzunguka. La pili ni ukaimu. Nchi nyingine zina kaimu mkurugenzi, zina kaimu mwalimu mkuu, zinaishia hapo. Sisi hatukuishia hapo. Sheria yetu ya Ukaimu inasema alichokifanya kaimu kimefanywa na mwenyewe. Kwa hiyo mtu akifiwa na jirani siku ya mpira, humtuma kaimu akalie msibani, na kaimu akilia vizuri, sifa zote ni za aliyebaki kwenye televisheni. Mtaani kwetu kuna bwana aliwahi kuungama kwa kaimu. Padri akamsamehe kaimu, na mwenyewe akaendelea na dhambi zake moyo ukiwa mweupe kabisa.

Kazi moja tu haijawahi kukaimishwa Kinono tangu tupate uhuru, nayo ni kula. Hiyo kila mtu anafika mwenyewe, tena anafika mapema.

*

Basi, katika nchi hiyo alikuwapo Gaudensi Nyambo, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kupambana na Kisukari, Presha na Unene. Alikuwa mtu mwema, msimfikirie vingine. Alikuwa na kitambi cha cheo chake tu. Kwetu kitambi kina ngazi: afisa wa kawaida, koti lifunge kwa shida; mkuu wa kitengo, lisifunge; mkurugenzi, aweze kuegesha faili juu yake akiwa amesimama. Nyambo aliweza kuegesha faili na kikombe.

Asubuhi moja Mamlaka ilifungua Semina ya Taifa ya Ulaji Bora. Bango lilikuwa bado halijatundikwa, kwa kuwa fundi alimtuma kaimu na kaimu akamtuma mwingine, na huyo wa mwisho alikuja bila nyundo. Wakagonga misumari kwa kisigino cha kiatu. Msumari mmoja ukaanguka chini, hakuna aliyeinama kuuokota, maana kuinama nako tulishaacha.

Nyambo akapanda jukwaani. "Ndugu washiriki," alisema, "adui ameshaingia majumbani mwetu. Yumo kwenye kikombe. Yumo kwenye sahani. Yumo kwenye kiti tulichokalia. Zamani tuliambiwa maradhi haya ni ya wazungu na matajiri; leo yako kwa kila mtu, na hayaji kwa uchawi, yanakuja kwa tunavyokula na tunavyoishi." Makofi yakapigwa sana. Yeye mwenyewe aliguswa, akatoa leso. "Baada ya kusema hayo machache, naomba sasa tupate chai."

Walipata chai na maandazi, halafu sambusa za kusindikizia maandazi, halafu soda za kuteremshia sambusa. Mchana ulikuwa wa biriani. Baada ya biriani washiriki wakasinzia chini ya bango lililosema LISHE BORA, TAIFA IMARA, na walipoamka wakapitisha azimio kwamba hali ni mbaya na inahitaji semina nyingine.

Siku hiyo kutwa Mkurugenzi alipokuwa akitembea kwenye sakafu ya vigae alisikika: ka, ka, ka. Wakuu wa vitengo waliusikia mlio ule wakatazamana. Wakaona ni mtindo mpya wa viatu vya madaraka. Kesho yake wote walikwenda kwa fundi viatu kugongewa vyuma, kila mmoja miguu yote miwili, na kwa wiki nzima ukumbi wa Mamlaka ulilia kama gwaride.

Jioni Nyambo alikaa kitandani, na mkewe, Mama Dorisi, akapiga magoti kumvua viatu. Kazi hiyo aliikaimu tangu kitambi cha mumewe kilipofika ngazi ya naibu. Alivuta kiatu cha kulia, hakikutoka. Akavuta tena. Kilipotoka alikigeuza, akakitazama.

"Baba Dorisi," akasema, "leo hukusikia kitu mguuni?"

"Kitu gani?"

Akamwonyesha. Msumari wa bango ulikuwa umepenya soli, ukapenya soksi, ukaingia kwenye nyama ya unyayo, na kichwa chake ndicho kilichokuwa kikipiga vigae kutwa nzima. Soksi ilikuwa imelowa damu. Nyambo aliutazama mguu ule kama mguu wa mtu mwingine aliyelala pale bila kukaribishwa. Haukumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Daktari Salha Mwinyikondo alikuwa na tabia ambayo kwetu inahesabiwa kuwa kasoro: alifika kazini mwenyewe. Alimpima Nyambo, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu, kila mara akimuuliza, "Unasikia?" na kila mara Nyambo akijibu, "Nisikie nini?"

"Mheshimiwa, una kisukari," daktari alisema. "Hakikuanza jana. Kimeshaua mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo maana umetembea na msumari kutwa."

"Mimi ndiye ninayepambana nacho, daktari."

"Ndiyo. Naona mmezoeana."

Nyambo akajitetea kwamba ni mambo ya ukoo, hata marehemu baba yake alikuwa nacho. Daktari akakubali kwamba ukoo umechangia. "Lakini baba yako alikipata akiwa mzee," akasema, "wewe umekipata ukiwa kikaoni. Chai, soda, vyakula vya mafuta, na kukaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hivyo ndivyo vimemaliza kazi." Akampa dawa, akampa na maagizo: ugali wa dona usiozidi ngumi, nusu ya sahani iwe mboga, maharage, dagaa, maji badala ya soda, kutembea kila siku mpaka jasho litoke, na kukagua nyayo kila jioni. "Usipofanya hivyo, mguu huu utaondoka."

"Utaondoka kwenda wapi?" aliuliza Nyambo, kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa.

"Utabaki hapa hospitali. Wewe ndiye utakayeondoka."

Hapo Nyambo akamkumbuka Dorisi, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameshachumbiwa. Dorisi alilelewa na makaimu. Siku za wazazi shuleni alikuja dereva wa ofisi, siku ya kipaimara alikuja karani wa masijala, na kwenye picha ya mahafali ya chuo amesimama anatabasamu kando ya mwanamume mnene ambaye hadi leo hamjui jina. Barua ya posa ilipojibiwa, Dorisi alimwomba baba yake jambo moja tu. "Baba, siku ya harusi usinitumie kaimu. Unishike mkono, unitembeze mwenyewe kutoka mlangoni mpaka mbele." Nyambo aliapa. Alikuwa amesaini ahadi nyingi za serikali, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka rohoni.

Kwa hiyo alitoka kwa daktari akiwa ameogopa kweli. Aliuona mlango wa kanisa, akamwona mtoto amevaa shela, akamwona amesimama peke yake. Akasema moyoni kwamba lazima achukue hatua za haraka. Akafanya kile ambacho Mkinono yeyote mwenye akili timamu angefanya: akateua kaimu.

*

Kaimu Mgonjwa aliapishwa siku ya Jumatatu, saa ya chai. Alikuwa ni Naibu Mkurugenzi, Bwana Sospeter Mang'enya, mtu mtiifu aliyekuwa hajawahi kukataa uteuzi wowote. Aliinua mkono akasema, "Mimi Sospeter Mang'enya naapa kwamba nitakula majani kwa uaminifu, nitatembea bila upendeleo, na sitatoa siri ya mkojo." Watu wakapiga makofi. Keki ikakatwa.

Mama Dorisi alikuwa amekwishaamka alfajiri, akatwanga karanga kidogo za mchicha, akasonga dona, akachemsha maharage, akafunga vyote kwenye hotpoti. Jioni aliposikia hotpoti imekwenda kwa Mang'enya, alimwita mumewe.

"Mgonjwa ni wewe au ni Mang'enya?"

"Kisheria ni Mang'enya."

"Na kidonda ni cha nani?"

"Kidonda ni changu, Mama Dorisi, lakini kinashughulikiwa."

Nimwombee radhi hapa. Mtamcheka, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa kwetu angesema hivyo hivyo. Nyambo alikuwa na vikao vingi. Ugonjwa unataka mtu mwenye nafasi. Vidonge tu ndivyo alivyobaki navyo mwenyewe, kwa sababu vidonge havichoshi, na kila asubuhi alivimeza kwa soda.

Mang'enya alijitahidi siku za mwanzo. Alizunguka uzio wa Mamlaka mara mbili, viatu vyenye vyuma vikamlilia, akarudi kuketi. Mchicha aliutazama. Yeye ni mtu wa chipsi mayai, na kwenye mchicha hakuona mahali pa kuanzia. Akamwita Kilasi, mlinzi wa getini, akamkaimisha kwa maneno machache: ale, atembee, na kila wiki ajitoboe kidole, aweke tone la damu kwenye kipimo cha ofisi, amletee majibu.

Kilasi alikuwa mtu wa mihogo ya kukaanga na chai ya maziwa kwenye kikombe cha lita. Akaonja mchicha ule usio na nazi wala chumvi ya kutosha, akatafuna, akatazama kushoto na kulia kutafuta shahidi wa dhuluma anayofanyiwa. Nyuma ya kibanda chake alikuwa amefunga beberu, aliyempa jina la Meneja, kwa kuwa alikula kutwa na kumkodolea macho kila anayepita. Meneja akanyoosha shingo. Kilasi akamtazama Meneja, akaitazama hotpoti, na kwa unyenyekevu wote akafuata utaratibu wa serikali.

Tangu siku hiyo kazi ilifanyika. Meneja alikula mboga za Mama Dorisi zote, na dona akailamba. Alifunguliwa kamba akawa anazunguka uzio kuanzia asubuhi akitafuta tundu. Soda hakuitaka. Siku ya kipimo Kilasi aliogopa sindano, akalitoboa sikio la Meneja, ambaye hakuwa na pingamizi lililoeleweka. Majibu yakapanda: Kilasi akampa Mang'enya, Mang'enya akampa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akayasoma mbele ya wakuu wa vitengo. Sukari yake ilikuwa imetulia kuliko ya mtoto mchanga.

Nyambo alijisikia vizuri kweli. Kiu ilikuwa inamsumbua, hilo halikanushiki, akawa anaituliza kwa soda baridi, na ikirudi anaongeza nyingine. Usiku alikwenda haja ndogo mpaka mbwa wa jirani wakazoea taa ya choo. Macho yalimpiga ukungu akalaumu balbu. Kidonda cha unyayo kilikataa kufunga. Mama Dorisi alikisafisha kila jioni kwa maji ya chumvi, na kila jioni aliuliza maswali yale yale, na kila jioni alisomewa majibu ya kipimo.

Daktari Salha naye alimwita mgonjwa wake arudi. Akaja Mang'enya.

"Nataka kuuona mguu wa Nyambo," daktari akasema. "Uko wapi?"

"Mguu uko kikaoni, daktari. Mimi ndiye kaimu. Unaweza kuukagua wangu."

Daktari akavua miwani, akafikicha macho, akairudisha. "Mwambie Nyambo," akasema taratibu, "kwamba mguu unaooza ni ule alionao yeye." Mang'enya akaona maneno hayo hayana lugha ya kiofisi. Akayapeleka kwa namna yake: daktari anakusalimu na anafuatilia kwa karibu.

*

Habari zikamfikia Waziri. Kwamba yuko mtu aliyekishinda kisukari bila kukosa sambusa hata moja. Waziri akasema huo ni ugunduzi, na kwa kuwa ulitokea kwenye wizara yake, akautangaza kwa jina la Mfumo wa Kinono. Wageni wakaalikwa kutoka nchi jirani, ambako watu walikuwa bado wanahangaika na mbinu za kizamani za kupunguza chakula na kutembea kwa miguu. Ikaandaliwa dhifa. Dhifa inataka nyama.

Mang'enya akashuka mpaka getini. "Kilasi, huyo mbuzi wako anatakiwa kwa shughuli ya taifa."

"Huyu hapatikani, bosi. Ana kazi."

"Mbuzi ana kazi gani?"

"Ya serikali."

Mang'enya akadhani anapandishiwa bei. "Kazi yake itapata kaimu," akasema.

Kilasi akafikiri. Akieleza zaidi, itajulikana kwamba mchicha haukupita kinywani mwake. Akamfungua Meneja kwa heshima, akampigapiga mgongoni, akampa buriani.

Jioni ya dhifa ukumbi ulijaa. Nyambo alivaa soksi mbili mbili na kupuliza manukato kwenye kiatu cha kulia, kwa sababu tangu juzi kiatu hicho kilikuwa na harufu. Mama Dorisi na Dorisi walikaa naye meza kuu. Pilau ikaletwa, na kama ilivyo desturi, maini ya mbuzi yalitengwa kwenye sahani ndogo yakawekwa mbele ya mgeni wa heshima. Nyambo akala nusu yake, akayasifu kwa ulaini.

Waziri akasimama. "Wageni wetu wasidhani haya ni maneno matupu. Tutapima hapa hapa, mbele yao. Mkurugenzi, mwite kaimu wako."

Nyambo akamgeukia Mang'enya. Mang'enya akainuka, akafunga koti, likakataa. "Mheshimiwa Waziri, kwa wingi wa majukumu, kazi hiyo niliikaimisha."

Waziri akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Utaratibu umefuatwa. "Kwa nani?"

Kilasi akaitwa kutoka getini. Alisimama katikati ya ukumbi kofia mkononi.

"Wewe ndiye unayekula chakula cha mgonjwa?" akauliza Waziri.

"Hapana, mheshimiwa. Na mimi nilikaimisha."

"Vizuri. Huyo kaimu wako yuko wapi?"

Kilasi akaitazama meza kuu. "Yupo hapo, mheshimiwa," akasema. "Maini anayo Mkurugenzi. Sehemu nyingine ziko kwenye pilau."

Mkalimani wa wageni akaomba sentensi hiyo irudiwe. Nyambo alibaki na kipande cha ini kwenye uma, akakitazama. Akaelewa polepole, kama mtu anayefunguliwa mlango huku anausukuma. Sukari iliyotulia ilikuwa ya mbuzi. Ya kwake haikupimwa na mtu yeyote tangu siku ile ya msumari. Alitaka kuinuka aende kwa Daktari Salha saa ile ile, mwenyewe, hata kwa kukimbia. Akainuka, na mguu wa kulia haukuinuka naye. Akaanguka, akaburuta kitambaa cha meza pamoja na pilau yote.

Mama Dorisi alikuwa ameshapiga magoti. Akavua kiatu, akavua soksi ya kwanza, akavua ya pili. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kinono, ukumbi mzima uliacha kula.

*

"Unakatwa chini ya goti," Daktari Salha alisema. "Leo hii. Tukichelewa tutakukosa wewe mzima."

"Daktari, hakuna namna yoyote ya..." Hakumalizia. Daktari naye alizaliwa Kinono, alijua sentensi hiyo inakoishia.

"Hapa hapana kaimu, mheshimiwa."

Nyambo akalia. Alilia mwenyewe, kwa sauti, machozi yake yakalowesha shuka la hospitali, na Dorisi akamshika mkono. Halafu, machozi yakiwa bado yanateremka, kitambi kikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Una nini, Baba Dorisi?" mkewe akauliza kwa woga.

"Nimepiga hesabu," akasema. "Miezi yote hii nilikuwa natembea kwa miguu minne. Leo nabaki na mmoja."

Mama Dorisi akacheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, hata mwenyewe hakujua. Nesi alitoka nje asionekane akicheka.

Wiki ile Daktari Salha alipima ofisi nzima. Mang'enya alikutwa na kisukari, Kilasi alikutwa na presha ya kumtosha yeye na geti lake, na wale wakuu wa vitengo wenye viatu vya vyuma walijaza wodi. Mamlaka nzima ya Kupambana na Kisukari, Presha na Unene ilikuwa na mzima mmoja tu, na huyo tulimla kwa kachumbari.

*

Harusi ikaahirishwa mpaka baada ya mavuno. Nyambo akarudi nyumbani, na hotpoti ya Mama Dorisi ikakosa safari. Mchicha ulipofika mdomoni mwake mara ya kwanza, alitafuna akasema, "Kumbe huyu mbuzi alinivumilia sana." Alikula. Kesho yake alikula tena. Mwezi wa pili akaanza kusikia ladha ya maharage, akakasirika kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Kisha akaanza kutembea. Kwanza kwa magongo, halafu kwa mguu wa bandia, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani, halafu hadi dukani, halafu kuzunguka mtaa. Tuliokuwa tumekaa vibarazani tulimwita: "Mheshimiwa, leo unatembea kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu," alijibu.

Tulimwonea huruma. Mtu mkubwa kama yule, hana hata wa kumtuma.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Waziri alikuwa amemtumia Nyambo kaimu baba, kijana mtanashati mwenye miguu miwili na suti, akasimama tayari mlangoni. Nyambo akampita. Akafika mbele ya Dorisi, jasho limemlowesha kola, akampa mkono.

"Mwanangu," akamnong'oneza, "uliniambia nisilete kaimu. Nimekuja mwenyewe. Ila mguu huu mmoja ndio kaimu, nisamehe."

Dorisi akamfuta jasho kwa ncha ya shela. "Twende hivyo hivyo, baba," akasema. Wakaenda. Walikwenda polepole sana, mpiga kinanda akarudia wimbo mara kadhaa, na hakuna aliyelalamika.

Ukumbini kulikuwa na mambo yetu yote. Mshereheshaji akatangaza wakati wa keki, na Dorisi akaja kumlisha baba yake kipande mbele ya watu, ndivyo inavyofanywa. Kipande kilikuwa kikubwa, sukari yake nyeupe imesimama juu. Ukumbi ukasubiri. Nyambo akakitazama, akatazama goti lake, akamtazama mwanaye.

"Hii nakaimisha," akasema.

Watu wakaguna. Tangu tupate uhuru hatujawahi kusikia mtu akikaimisha kula. Hatukujua tupige makofi au tuite daktari. Lakini kabla ya kaimu kutafutwa, Waziri alikuwa ameshafika, mdomo wazi, akalishwa keki, akashangiliwa, akageuka kurudi mezani kwake akitafuna.

Muziki ulikuwa haujaanza. Kwenye vigae vya ukumbi Nyambo akasikia: ka. Kimya. Ka. Kimya. Ka. Mguu mmoja tu.

Akainuka bila kusubiri kushikwa. Akamfuata Waziri hadi mezani, akajishusha chini kwa taabu, goti moja zima, jingine likigoma, mpaka akawa amepiga magoti mbele ya nchi nzima.

"Mheshimiwa," akasema, "vua kiatu."

Waziri akamtazama kutoka juu, keki ikiwa bado mdomoni. "Hilo, mwone kaimu wangu," akasema.

Nyambo alikuwa ameshaanza kulegeza kamba.